Kiriba Alichokifukia Mizani

Kiwandani tulimwita Mizani, maana mkono wake ulikuwa haukosei. Kwa miaka kumi na tisa alichanganya wanga wa muhogo, glisirini na punje za plastiki inayooza, akavimimina kwenye mashine ya joto, na upande wa pili vikatoka viriba vya miche, vile vifuko vya kuoteshea miti. Uzuri wa viriba hivyo ni kwamba mche unafukiwa pamoja na kiriba chake. Vijidudu vya udongoni vinakila, mizizi inapita.

Ila alikuwa na kiburi cha macho. Mwaka mzima alikuwa haoni vizuri vitu vya karibu, na miwani hakutaka hata kuisikia. "Miwani ni ya wazee," alisema bibi huyo wa wajukuu watatu.

Siku moja, viriba elfu mbili vikiwa vimekwisha kuchukuliwa, alinipa gunia la punje nimsomee maandishi yake, akasingizia vumbi limemwingia jichoni. Nikasoma: plastiki ya kawaida, ile ya mashine ya jirani. Magunia yote mawili yalikuwa wazi kando yake, na punje zinafanana kama pacha. Alichota kutoka lipi? Hakujua. Na viriba vile alivichukua wifi yake, dada wa mumewe, kwa miti ya shamba zima. Kama ni plastiki ya kawaida, wanga ungeliwa, plastiki ingebaki kama wavu, na mizizi ingezunguka humo hadi miti ife.

Punje ukizitia majini zinajitaja: ya kawaida inaelea, inayooza inazama. Lakini zikishachanganywa na wanga, wanga unazivuta zote chini, na maji hayasemi kitu. Basi Mizani akachukua kiriba kimoja kilichobaki, akakifukia kwenye chungu cha mboji nyuma ya nyumba, akawa anakimwagilia. Yeye hakumwambia wifi yake. Aliona aibu, na mimi aliniapisha nifunge mdomo.

Wiki ya sita alikifukua, akakuta kimejaa matundu. Alifurahi nusu saa nzima, kisha fundi wetu wa mashine, alipoonyeshwa, akamkata maini.

"Mama, wanga ndio unaoliwa kwanza. Hata kibaya kingetoboka hivyo hivyo."

Akakifukia tena, lakini chakula kikawa hakipiti. Mumewe akadhani ni malaria.

Mwezi wa nne tangu akifukie alichimba tena, na vidole vyake havikugusa kitu. Mwingine angepiga vigelegele, lakini si Mizani. Wavu wa plastiki ni mwembamba, na siku hizi asivyoviona yeye ni vingi. Akajitwika chungu chake hadi kwa wifi yake.

"Wifi, nimekukosea, au labda sikukukosea. Naomba uniangalizie."

Akamweleza yote.  Wifi alitandika shuka jeupe, akamwaga mboji, akaipekua chembe kwa chembe hadi mgongo ukamuuma.

"Wifi yangu, hapa kuna udongo, na nyungunyungu mmoja aliyenona."

"Umeangalia vizuri?"

"Mimi nina miwani. Wewe je?"

Mizani alilia kama mtoto, kwa furaha tupu. Wakaenda shambani wakang'oa mche mmoja, na mizizi ilikuwa imenyooka kwenda chini, kiriba hakipo.

"Ungeniambia tangu mwanzo, tungeng'oa huu mmoja ukalala usingizi," wifi alisema. "Na macho yako nayajua. Mwezi uliopita ulilisalimia koti langu ukutani, ukaliuliza habari za watoto."

"Likajibu?"

"Lilikuheshimu, likanyamaza."

Walicheka hadi wakashikana mabega. Kesho yake wifi alimpeleka mwenyewe kupimwa macho.

Jumatatu Mizani aliingia kazini na miwani puani. Alisimama muda mrefu mbele ya magunia, akayatazama yale maandishi mekundu, kila herufi kubwa kama kiganja.

"Yalikuwa makubwa hivi siku zote?" akauliza.

Tukatazamana. Tukamwambia yameongezwa juzi.