Mahali Papya pa Kuteka Maji

Maganda ya kahawa yakichacha hutoa harufu nzito, kama uji wa juzi uliosahaulika sufuriani, na ukiizoea utotoni haikutoki tena. Harufu hiyo ilijaza bonde letu, kati ya Ruiru na Thika, kila msimu wa kuchuma. Sisi watoto hatukuiona mbaya, kwa sababu ilimaanisha kuna kazi na chai ya nyumbani itakuwa na sukari. Ilikuwa miaka ya hamsini, wakati wa hali ya hatari, na wakoloni walikuwa wametutoa kwenye mashamba yetu wakatubananisha katika kijiji kimoja juu ya kilima. Nyumba ziligusana hata jirani akipiga chafya unamwombea afya ukiwa kitandani kwako. Umati huo wote ulikunywa maji ya kijito kimoja chembamba kilichoshuka kutoka shamba la kahawa la mzungu, na ambacho mtu mzima angekiruka bila kukunja nguo.

Aliyekilinda kijito hicho alikuwa Cucu, yaani bibi, mama yake baba, ambaye tuliishi naye. Hakuna aliyempa kazi hiyo, lakini hakuna aliyethubutu kumnyang'anya. Sheria yake ilikuwa ile aliyorithi kwa mama zake: maji ya kunywa huchotwa juu, nguo hufuliwa chini yake, na ng'ombe hunywa chini kabisa. Mipaka aliiweka kwa kupanda nduma, yaani magimbi, ukingoni, na ole wake mama aliyepatikana akisuuza nepi juu ya nduma za kwanza. Cucu hakupiga kelele. Alikuwa akimnyang'anya beseni, akalishusha mwenyewe hadi mahali pake, kisha akamwamkia vizuri kama kwamba hakuna lililotokea. Niliwahi kuona mwanamke mwenye wajukuu akimfuata nyuma kwa aibu kama mtoto wa shule.

Baba yangu alikuwa nyapara katika shamba lile la kahawa. Alilala huko wiki nzima, akaja nyumbani Jumapili akipata ruhusa. Msimu ninaousimulia kahawa ilizaa sana, wakaletwa wachumaji wengi kutoka mbali, na kambi yao ikajaa kupita kiasi. Mimi nilikuwa na miaka kama tisa. Siku moja ya kuchuma, mama alinituma nimpelekee baba githeri yake ya mahindi na maharagwe, nikamkuta nyuma ya kambi, jembe mkononi, suruali imelowa hadi magotini. Vyoo vya shimo vilikuwa vimejaa, na mvua ilikuwa ikivifurisha. Mzungu alikuwa amemwamuru achimbe mashimo mapya mbali juu ya mteremko, lakini watu wote walihitajika kwenye kahawa. Basi baba alikuwa amekata mfereji kutoka vyooni hadi kijitoni. Sikuhitaji kuelezwa ulibeba nini, pua ilitosha. Aliponiona alishtuka, kisha akachuchumaa mbele yangu. "Ni siku chache tu, mvua ikatike," aliniambia. "Kutoka hapa hadi kwenu ni mbali, maji yakitembea hujiosha. Lakini usimwambie mtu, Nyambura. Hata Cucu. Wakijua, nitafukuzwa, na sijui watatupeleka wapi." Nilimwambia sawa, baba. Siri ya mtungi aijuaye kata, na tangu siku ile kata nilikuwa mimi.

Baada ya wiki moja hivi maji yetu yalianza kunuka. Wanawake walikutana mbele ya nyumba yetu, na wote walikubaliana kosa ni la kiwanda cha kuoshea kahawa, kilichokuwa kati yetu na kambi, kwa kuwa kila mwaka kilimwaga maji ya maganda kijitoni. Cucu alikata shauri kama sheria yake ilivyomfundisha: maji yakichafuka, panda juu. Wangehamia juu ya kiwanda, walikoruhusiwa kupita wakati wa kazi. Nilikuwa nimekaa mlangoni nikipukuchua mahindi, na nilijua vizuri kwamba juu ya kiwanda ndiko kwenye mfereji. Walikuwa wakikimbia maganda ya kahawa na kuyafuata mavi. Nilipukuchua hindi lile hadi likabaki gunzi, nikachukua jingine.

Kwa desturi, mahali papya pa kuteka hufunguliwa na mwanamke mzee kuliko wote, naye hunywa kwanza kwa niaba ya wengine. Asubuhi iliyofuata Cucu alipanda miche ya nduma, akafunga kanga vizuri, akainama na kibuyu chake. Maji yalionekana safi, yakipita juu ya mawe. Mimi nilikuwa nimesimama karibu naye kiasi cha kumshika mkono. Nilimwazia baba akifukuzwa, tukiwa barabarani na vyombo vyetu. Cucu alikunywa, akafuta midomo, akasema, "Haya, tekeni." Mimi mwenyewe, kwa hila ambayo sijaisamehe hadi leo, nilijaza kibuyu changu na sikunywa.

Kuhara damu kulianza kwa watoto, kisha kukamshika Cucu. Watoto walipona. Yeye alikuwa amechoshwa na miaka mingi, na siku ya sita hakuamka. Baba aliitwa, akauliza maji tulikuwa tukiteka wapi. Mama alipomwambia, alikaa chini kwenye matope. Alinitazama mara moja, akainamisha kichwa. Ndiye aliyekuwa amenifunga mdomo. Alasiri ileile aliuziba mfereji, akawaambia wanawake wote alichofanya, na kazi ikamwishia hapohapo, nyumba nayo ikafuata. Hatukukaa barabarani. Shangazi alitupokea, tukabanana, tukaishi. Lile nililoliogopa likaja na halikutuua.

Leo naishi Ngoingwa, karibu na Thika, na nikiteremka kijitoni naona mabomba ya maghorofa yakimwaga mchana kweupe. Kila mtu anajua bomba ni la nani, na kila mtu ni mpangaji wake, au shemeji yake, au anaimba naye kwaya. Vijana wameunda kikundi cha kuulinda mto, wakaniita niwaeleze wazee walifanyaje. Niliwaeleza sheria ya Cucu, wakaipenda sana, wakapiga makofi. Halafu, kwa mara ya kwanza maishani, nikawaeleza na mfereji.

Msichana mmoja alitaka kunifariji. "Lakini cucu, ulikuwa mtoto tu. Hata ungesema, nani angekuamini?"

Nilitamani kumjibu kwamba ni kweli. Lakini Cucu alikuwa mtu wa kumwaga mtungi mzima mtoto akisema ameona unyoya ndani.

"Angeniamini," nilimwambia.