Karani na Kikwembe

Enzi za Wabelgiji nilikuwa karani huko Masisi, mtu wa tai na viatu vya kung'aa. Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa kabla ya wakati, mdogo wa kutia hofu. Mke wangu alipopata homa, ikabidi mimi mwenyewe nimpeleke mtoto dispanseri kupimwa uzito. Nilimshika mbali na tai yangu, naye akalia njia nzima.

"Papa, uko nabeba mutoto ao mayai?" mama mmoja kwenye foleni aliuliza, wenzake wakacheka. Akavua kikwembe chake, kitenge alichojitanda begani, akamfunga mtoto kifuani pangu. "Iko nasikia baridi. Anatafuta joto." Kilio kikakatika palepale.

Kwenye mizani muuguzi alitabasamu. "Iko naongezeka, Papa. Ataishi."

Nikamrudisha kifuani, nikaketi chini, nimeegemea ukuta.

"Papa, kikwembe yangu," mama akadai.

"Ngoja kidogo, Mama. Amelala."

Ndipo mkubwa wangu wa ofisini akatokea, akaanza kunisalimu kwa sauti. Mimi niliyezoea kumwamkia nimesimama wima kama mlingoti, nilibaki palepale mavumbini, nikaweka kidole kwenye midomo yangu. Akavua kofia, akapita akinyata.