Watani Waliomzika Bibi Kisimba

Watu waliotupatia ukweli juu ya Bibi Kisimba, aliyeishi zamani za misafara ya pembe za ndovu, walianza kwa kumwita mwizi wa mihogo. Hiyo ilikuwa kesi yangu ya mwisho. Nianze na siku ya kwanza.

Nilipoingia ofisi ya teritware, yaani wilaya, kuwa mchunguzi wa nasaba katika kesi za mashamba, shefu wa biro, mkuu wa ofisi, hakunipa hata kiti.

"Petit, we kijana, ukitaka kujua mukubwa wa kale wa familia fulani alikuwa nani, utauliza nani?"

"Bandugu yake, shefu."

Akacheka. "Bale batakupa sifa. Kwao kila muntu iko mutoto wa mufalme. Uliza banungwe."

Banungwe ni watani. Kwetu kila ukoo una mwenzake wa kutaniana, kama Chui na Mbuzi. Mtani hukutukana hata msibani bila ugomvi, na yeye ndiye anayezika wafu wako. Kwa hiyo hukumbuka yale ambayo ndugu wameyafunika. Baadaye nilitumikia mashefu wengine, mmoja mpenda ramani, mwingine mpenda mihuri, lakini neno la yule wa kwanza sikuliacha.

Karibu na kustaafu kwangu alikuja Mama Agnès, muuza vitenge wa komine ya Kenya, mtaa wa mji wetu. Yeye na dada zake walilima mahindi kijijini, njia ya kwenda mpakani Kasumbalesa, katika shamba walilorithi kwa mama, maana huko ardhi hufuata upande wa mama. Wazee wa ukoo wao, Mbuzi, walitaka kuwaondoa. Walisema Kisimba, bibi wa kale wa wanawake hao, alikuwa mtumwa. Mtumwa hana ukoo, na uzao wake hauna shamba. Nyumbani kwao Mama Agnès alikuwa amefundishwa kwamba Kisimba ni binti wa chifu.

Nikampeleka kijijini kwa Mzee Mwansa wa ukoo wa Chui, wazee wa Mbuzi wakiwapo. Mzee alimtazama toka kichwani hadi miguuni.

"Weye mbuzi! Bibi yenu alifika huku na njaa, hatujui kutoka wapi, akaiba mihogo ya bakubwa betu. Na weye, angalia hayo meno!"

Mama Agnès akanigeukia, machozi karibu. "Papa, ni hivi ulinileta kusikia?"

"Ngoja, mama. Muzee, alikuwa mutumwa?"

"Tulimukamata, Mbuzi bakamununua kwetu na jembe moja. Kisha bakamuita dada yabo. Toka siku ile akaanza kututukana, mubaya yule! Mutumwa iko na banungwe? Alipokufa, sisi Chui tulimuzika. Tungemuzika namna gani kama hakuwa Mbuzi?"

Kila mzee wa Mbuzi alijua kwamba watani hawachimbi kaburi la mtu asiye na ukoo. Mkubwa wao akakohoa.

"Balime mahindi yabo."

Mama Agnès akafuta macho, akamgeukia Mzee Mwansa. "Na ninyi Chui, munanuka!"

Mzee alicheka hadi akashika ubavu.

Sasa nimestaafu, nakaa mtaa wa Bel-Air, na vijana wanaotafuta mababu zao hunijia. Nawaambia wasiogope kutukanwa. Anayekutania amekwisha kukutambua.

Kuhusu Kisimba, Mzee Mwansa alituonyesha kaburi kabla hatujaondoka. Wafu wote wa Mbuzi wamelazwa wakitazama machweo. Kisimba aliwaomba watani wamlaze akitazama kaskazini, nao wakamtii. Hakuwaambia kuna nani huko.