Namba Kumi na Moja za Kituku

Kituku alisoma mita za maji Voi miaka kumi na tisa, na hakuna aliyewahi kumrudishia namba kuwa ina kosa. Mimi Mwanamina, jirani yake, nimegombana naye kwa mengi, kuku wake kwanza, ila kwa namba sikumpata hata siku moja.

Ndiyo maana mwaka 1999 Injinia Wakio wa kampuni ya simu alimchagua apime mawimbi ya simu za mkononi. Mlingoti wa majaribio ulisimamishwa mjini. Kituku akatembea na kipimo, kila hatua hamsini anaandika namba. Namba hizo zililishwa kompyuta iliyojifunza kwa mifano kama mtoto wa shule: inaoneshwa nyumba, miamba na namba, kisha inakisia kwingine kote na kusema mnara ukae wapi.

"Hii mashine itajua kile tu tutaifundisha," Wakio alimwambia. "Kwa hivyo wewe usikisie."

Sasa Kaloleni, mtaa wa hapa Voi, kuna uchochoro mmoja nyuma ya mwamba, na mama mkwe wake Kituku anakaa hapo. Wakamba, watu wake Kituku, wana nthoni, haya ya mkwe: mwanamume hakutani na mama wa mkewe njiani, akimwona, anapinda. Sisi Waswahili hucheka, mtu mzima kumkimbia bibi kizee!

Kituku alifika kona, akamwona mkwewe kaketi mlangoni akichambua pojo, akageuka. Angeniomba, ningempimia. Badala yake alikaa juu ya jiwe akajaza namba kumi na moja za kubuni, akizifananisha na za mtaa wa pili. Uchochoro ule ndio pekee uliokuwa nyuma ya mwamba, basi kompyuta ikajifunza kuwa mwamba hauzuii mawimbi.

"Hizi kumi na moja uko sure nazo?" Wakio aliuliza.

"Madam, namba zangu hazijawahi kurudi."

Mnara ukajengwa kwa hesabu hiyo. Desemba, shemeji yake Maundu akamletea mamake, yule bibi wa uchochoroni, simu kutoka Mombasa. Kule uchochoroni haikushika kabisa. Ilishika vizuri wapi? Langoni kwa Kituku. Kila Jumapili bibi akaja na fimbo yake, akaketi hapo, na Kituku akajifungia jikoni na moshi.

Aibu ilimla. Aliniambia kutoka ng'ambo ya ua, "Mwanamina, nimedanganya mashine, na uongo wangu unamtembeza mama wa watu." Siku hiyo sikucheka.

Jumapili moja bibi alikuwa akipiga kelele kwenye simu, kwa Kikamba nilichokizoea: "Hapa kwa Kituku ndipo inashika! Ndiye aliyepima. Mkwe wangu hadanganyi hata mita ya maji!"

Mlango wa jiko ukafunguka. Kituku akatoka, akasimama nyuma ya ua, kampa mgongo.

"Mama," akasema, "mtaa wako sikuupima."

Bibi akajifunika leso usoni, naye akageukia upande wa pili.

"Najua. Nilikuona ukipinda pale kona. Nikamshukuru Mungu, binti yangu kaolewa na mtu mwenye heshima. Lakini baba, kwenye karatasi uliandika nini?"

Mimi niliyezoea kuicheka nthoni yao, niliokota beseni langu nikaingia ndani, nikafunga mlango.