Mama Fua na Jua la Mwezi wa Sita

Siku Sella Nekoye aliposimama mbele ya bodi ya kitaifa inayosikiliza rufaa za mipango ya ujenzi, alikuwa amefua nguo za watu kwa miaka thelathini na mmoja. Alikuja Nairobi kutoka Kimilili akiwa na mtoto mgongoni, akapanga chumba cha mabati Gatwekera, na wiki hiyo hiyo akaanza kubisha milango ya flati za Nyayo Highrise akiuliza kama kuna nguo za kufua. Wenye nyumba walimwita Mama Fua, kama wanavyowaita wote wa kazi hiyo. Wenzake walimwita Mama Bridgit.

Ukimuuliza habari za miaka ile, hataanza na kazi wala shida. Ataanza na kamba. Pembeni mwa mtaa wa Olympic palikuwa na kiwanja ambacho ramani ya zamani ilikiacha wazi, na wanawake walikuwa wamesimamisha nguzo na kufunga kamba kumi na nne. Kamba ya pili ilikuwa ya Annet, aliyefua yunifomu za manesi na hakutaka hata upepo uziguse. Kando yake alianika Mumbua wa Kitui, mwenye sauti ya kwaya, akikamua blanketi huku anaimba mpaka watu waliopita kwenye reli wakageuka. Saa sita walikaa katikati ya shuka mbichi, ubaridi ukiwapiga mgongoni, wakila githeri na kuchekana. Bridgit alijifunzia kutembea pale, ameshika pindo la shuka ya mtu.

Halafu watu wakaanza kupungua. Annet alifariki. Mumbua akaenda kuishi na mwanawe Machakos. Kamba zikabaki sita, na wanawake wanne.

Mwaka huo ndipo bango la mbao liliposimikwa kwenye ploti ya jirani, upande wa kaskazini wa kiwanja, palipokuwa na nyumba ya zamani ya kawaida isiyo na orofa. Maurice, mwalimu aliyekuwa akiishi Olympic, alimsomea Sella.

"Wanataka kuangusha hii nyumba wajenge flati, Mama Bridgit. Orofa tisa."

"Si ni ploti yao, mwalimu? Wacha wajenge."

"Sawa, lakini orofa tisa! Hizi nguo zako zitakauka na nini?"

Sella alitazama juu, akajaribu kuziweka zile orofa hewani moja juu ya nyingine. Alipofika ya tano akaacha kuhesabu. Jioni hiyo Maurice aliandika pingamizi, na Sella akatia sahihi pamoja na wapangaji ishirini. Pingamizi likakataliwa na kaunti. Wakakata rufaa, na mwezi wa tano wakaitwa mbele ya bodi ya kitaifa, mjini.

Sella alivaa kitenge chake cha kanisani. Alikuwa ameambiwa mwalimu ndiye atakayezungumza, kwa hivyo alikaa kimya kama aliyeenda kumsindikiza mtu. Mtaalamu wa mwenye ploti akaonyesha picha kubwa ukutani.

"Kama mnavyoona, kivuli cha jengo kinaanguka upande wa kaskazini, barabarani," alisema. "Kiwanja hakiguswi kabisa."

Sella alikunja uso. Akaitazama ile picha tena, kisha mkono wake ukajiinua wenyewe.

"Samahani, mheshimiwa. Hiyo picha ni ya mwezi gani?"

Mtaalamu akapekua karatasi zake. "Ni ya Desemba."

"Desemba ni kweli," Sella akasema. "Desemba jua liko kusini, upande wa Lang'ata, kivuli kinaenda barabarani. Lakini mwezi wa sita jua linahamia kaskazini, upande wa Kawangware. Hapo hiyo nyumba inakaa katikati ya jua na sisi. Na huo ndio mwezi wa baridi, blanketi inakaa siku mbili haijakauka."

Mwenyekiti, mama mmoja wa makamo, akaweka kalamu chini. "Umejuaje haya, mama?"

"Mimi huhamisha nguo, mheshimiwa. Hata sasa, na hiyo nyumba fupi, kila mwezi wa sita kamba yangu ya kwanza huwa kivulini asubuhi. Mje muone."

Wakaja kweli. Ilikuwa asubuhi ya baridi mwezi wa sita. Mwenyekiti na wanabodi wawili walisimama kwenye matope na viatu vyao vya ofisini, wakapima kwa futi kivuli cha ile nyumba ya zamani. Kilikuwa kimevuka kamba ya kwanza. Mwenyekiti aligusa shuka iliyokuwa kivulini, akagusa nyingine iliyokuwa juani, akaandika.

Uamuzi ulitoka mwezi wa nane. Flati haikuzuiwa, lakini ilipunguzwa mpaka orofa nne na kusogezwa nyuma, mbali na kiwanja. Vijana wa mtaa walipiga kelele za furaha. Sella alikwenda pembeni akampigia Mumbua simu.

"Tumebaki na jua letu," akamwambia.

"Wooi, Nekoye! Na nani wanaanika siku hizi?"

Sella akataja majina matatu pamoja na lake. Mumbua ndiye aliyeanza kulia.

Flati ilijengwa, ikajaa wapangaji. Wengi wana mashine za kufulia na huanika kwenye roshani zao. Vidole vya Sella vimevimba viungo, na sasa anafulia nyumba mbili tu. Bridgit, ambaye ana watoto wake, humwambia apumzike. Yeye hucheka tu. Kila Jumanne hubeba beseni mpaka kiwanjani, na akimaliza kuanika hageuki kwenda nyumbani mara moja. Hukaa kwenye jiwe, nguo zikipepea, akiwataja wenzake mmoja mmoja kwa sauti ya chini: huyu alikuwa mchoyo wa sabuni, yule alijua kuiga mhubiri mpaka ukaumwa na mbavu. Wapita njia hudhani anaongea kwa simu.