Konokono wa Ndala Chini ya Shimo la Maji

Hewa iliyoniingia kinywani ilikuwa na ladha ya dizeli. Nimepiga magoti kwenye tope, chini ya shimo la wachimbaji lililojaa maji ya mvua, kamera mkononi, kichwa kinazunguka kama karasha la kusagia mawe, na mbele yangu konokono wa baharini, mwekundu, ana mabaka ya njano. Ndiyo, wa baharini, huku huku Geita. Nikavuta kamba mara tatu. Kwetu sisi wa maduarani, kwenye mashimo ya dhahabu, aliye chini akivuta mara tatu, walio juu hawaulizi, wanampandisha. Hakuna aliyenipandisha. Nikavuta tena. Basi, kwa akili iliyokuwa imebaki, nikapiga picha nyingine.

Nieleze nilifikaje huko, mtu mzima mwenye wajukuu.

Alikuja mwalimu mmoja wa kuzamia, mwenye kofia ya kaki, akasema katokea pwani. Akatuonyesha kwenye simu konokono wasio na gamba, wadogo kama kidole, rangi zao kama vitenge vya harusi. Akasema wageni hushuka baharini kuwapiga picha, na hoteli za visiwani zinatafuta watu wa kushuka nao. Mimi ni darasa la nne, lakini kushuka? Nimeshuka maduara tangu sijaota ndevu. Nikanyoosha mkono wa kwanza. Moyoni nilikuwa nimeshavaa kaptula, nipo kisiwani.

Bahari ya kujifunzia hatuna, mwalimu akachagua shimo lililoachwa. Konokono hatuna, akakata ndala kuukuu, akazipaka rangi ya kucha, akazibana kwenye mawe. Mitungi ya hewa nayo hatuna, akaleta fundi wa Runzewe na kompresa yake ya kutobolea miamba, na mpira mrefu wa kupitishia hewa. Uzito wa kuzamia ulikuwa vyuma vya karasha ndani ya kiroba. Nilikifunga kiunoni mwenyewe, kwa fundo la mgodini, lile lisilofunguka hata ukitubu.

Nikaona bomba la moshi limeelekea pale pale mashine inapovutia hewa. Nikamwambia, "Fundi, igeuze hiyo, nitakunywa moshi."

Akacheka mpaka akashika magoti. "Mzee, miaka yote umevuta moshi wa baruti, leo huu ndio utakushinda? Kama unaogopa, tumwite mama watoto ashuke!"

Wenzangu wakacheka. Na mimi nikacheka, hiyo ndiyo aibu yangu. Mwanaume wa duara haogopi moshi mbele ya watu. Nikashuka.

Kamba alipaswa kuishika mwalimu. Aliifunga kwenye mguu wa kompresa, akaenda ng'ambo ya shimo kupiga picha na wenzangu, fundi akabaki kwenye mashine yake. Kwa hiyo mimi kule chini nilikuwa naomba msaada kwa chuma.

Aliyenitoa ni mama mmoja aliyekuja kuteka maji ya kufyatulia matofali. Aliiona kamba inarukaruka, akapiga kelele, "Ninyi! Mtu wenu anakufa huko!" Hakungoja jibu, akaanza kuvuta. Wenzangu walipofika mbio, nilikuwa ukingoni natapika.

"Kohoa, ng'wanawane, kohoa," ananipiga mgongoni kama mwanawe. "Ulikuwa unatafuta nini?"

Nikamwonyesha kwenye kamera. Akatazama, akanitazama na mimi.

"Hii si ndala?"

Leo sikio la kushoto limekufa, na siku nyingine kichwa kinauma mpaka nasahau majina ya wanangu. Duarani sishuki tena. Mwalimu aliondoka siku ile ile na kofia yake, sijui hata kama bahari ameiona. Ila fundi yupo. Kompresa yake inanguruma, na kila akiniona ananipigia kelele, "Shikamoo, mzee wa konokono!" Marahaba yangu hajaipata.

Ujinga wangu nimeusema wote, na yeye aseme wake. Aje mchana, mbele ya wale wale waliocheka, anijibu: nilikwambia geuza mashine, kwa nini hukuigeuza? Na kamba ilipokuwa ikiuvuta mguu wa kompresa yako, wewe umesimama hapo hapo, ulikuwa unatazama nini?