Usichosikia, Acha Nafasi

Siku yangu ya kwanza kazini nilivalishwa hedifoni zilizokuwa bado na joto la masikio ya mtu mwingine. Msimamizi wa Zamu, mama mrefu mwenye kilemba cheupe, asiyependa salamu ndefu, aliitikia shikamoo yangu huku akinisukumia kiti. Akanionyesha mashine ya kaseti na pedeli yake chini ya meza: ukikanyaga mbele kanda inakwenda, ukikanyaga nyuma inarudi. "Andika," akasema.

Mzungumzaji wa kanda ile alikuwa na mafua. Katikati ya sentensi akakohoa, na neno moja likapotelea humo humo. Mimi, binti niliyetoka chuo cha uhazili nikijiona mwerevu, nikaweka neno lililofaa, tena zuri kuliko yake yote. Msimamizi akasoma, akalizungushia kalamu nyekundu.

"Hili neno umelisikia, au umelipenda?"

Nikaanza kutafuta kifutio.

"Sikiliza, mwanangu. Ulichosikia, andika. Usichosikia, acha nafasi. Hapa yapo masikio mengine."

Ofisi yenyewe siitaji. Aliyeishi Dodoma anaijua: waheshimiwa wakishasema na kupigana vijembe na kwenda zao kula, sisi ndio tuliobaki na maneno yao. Ninyi vijana mna simu zinazoandika zenyewe mtu akisema, na nimeona zinavyoandika, Mungu awasaidie. Enzi zetu kila neno lilipita kwanza kwenye sikio la mtu, likashukia vidoleni, likatua kwenye taipureta.

Tulikuwa na alama zetu. Ukumbi ukicheka, uliandika (Kicheko). Wakipiga makofi, (Makofi), yote kwenye mabano, ili msomaji wa kesho ajue hali ilivyokuwa. Mheshimiwa mmoja aliwahi kutujia mwenyewe, suti imemkaa vizuri, akaomba tuongeze makofi mahali fulani katika hotuba yake, kwa kuwa alisema jambo zito na watu walichelewa tu kulielewa. Msimamizi alimpa kiti, akampa na chai.

"Makofi hatupiki, mheshimiwa," akamwambia. "Tunapokea yaliyopigwa."

Kila mmoja alikuwa na mwenzake wa zamu. Wangu alikuwa Salimu, Mrangi wa Kondoa, mpole wa sura na mkali wa ulimi. Nafasi nilizoacha mimi alizijaza yeye, na zake nilizijaza mimi. Yeye alisikia vizuri sauti nzito za wanaoongea kama wana ugali mdomoni. Mimi nilisifika kwa sauti nyembamba. Mtu akinong'ona kejeli kiti cha nyuma kabisa, nilimpata. Kaseti yenye minong'ono ililetwa mezani kwangu moja kwa moja, na sitawaficha, niliringa.

Sasa niwaambie kuhusu Kiangazi, maana bila hao habari yangu haina chumvi. Kiangazi ilikuwa bendi ya roki, wanaume wanne na wanawake wawili, wote wa hapa hapa Dodoma. Mji ulikuwa mdogo bado, wa vumbi na ofisi, na watu walipenda dansi la kistaarabu la kushikana viuno. Hawa wakaja na gitaa la mkwaruzo na ngoma zinazotikisa glasi za bia mezani. Lakini Ndahani, mwimbaji wao, alipomaliza kuunguruma, wale wanawake wawili walimjibu kwa sauti za juu kabisa, zikipishana na kurudiana, kama wanavyoimba Wagogo kwetu vijijini. Usiku wa kwanza kuwasikia nililia ukumbini, na soda yangu ikaisha gesi mkononi.

Salimu nilimburuta mara moja. Aliketi wimbo mmoja, akasimama.

"Dada Tabitha, hawa mafundi wakimaliza kupaua hilo bati, utanikuta nje."

Walipotoa kaseti yao, niliipeleka ofisini. Wakati wa chakula nikaitia kwenye mashine ya kazi, nikakanyaga pedeli, nikaanza kuandika maneno ya nyimbo moja baada ya nyingine. Sikumsikia Msimamizi akiingia. Alichukua karatasi, akaisoma mpaka chini bila kubadilisha uso.

"Huyu mheshimiwa ni wa jimbo gani?"

Nilidhani kazi imeota mbawa. Badala yake alivuta kiti, akachomoa hedifoni masikioni mwangu, akazivaa mwenyewe juu ya kilemba. Alisikiliza upande mzima wa kaseti, na chakula chake kikapoa. Mwisho akasema, "Wale wanawake wawili hujawaachia nafasi hata moja. Umewasikia wote." Katika utumishi wangu sikuwahi kupewa sifa nyingine iliyonikaa moyoni kama hiyo.

Baadaye nilihamishiwa Hombolo kufundisha hati mkato, ule mwandiko wa vistari na vinukta wa kumkimbiza msemaji kabla hajameza mate. Mkuu wa Mafunzo pale alikuwa mkulima kuliko mwalimu. Akikosa kuonekana ofisini, yuko kwenye mizabibu yake. Ndiye aliyenifundisha kupogoa, yaani kuukata mzabibu matawi baada ya mavuno mpaka unauonea huruma, maana huku kwetu mzabibu uliopogolewa vizuri huzaa tena mwaka huo huo. Niliporudi mjini, kaseti zilikuwa zimeanza kuipisha kompyuta, na Mhariri Mkuu mpya aliniweka kwenye uhakiki. Kiangazi nao walikuwa wamesambaratika. Mmoja aliokoka, mwingine akaenda kuchimba madini, na Ndahani nikasikia anauza vifaa vya ujenzi. Salimu alicheka wiki nzima. "Si nilikwambia ni mafundi wa mabati?"

Masikio yalianza kunigomea nikikaribia kustaafu. Kwanza zilipotea herufi za kupuliza, kama s na f, kisha kengele za baiskeli, kisha ndege wa asubuhi. Daktari akanieleza kwamba sauti nyembamba ndizo hutangulia. Nikamwambia, "Daktari, hizo ndizo zilizokuwa zangu." Akaniandikia kifaa cha sikioni. Kwenye mazungumzo kinanisaidia, lakini muziki kinaukaanga kama mafuta ya maandazi.

Nilistaafu nikajenga Nzuguni, naishi na binti yangu Neema. Majuzi Neema aliingia na simu mkononi, akanipigia kelele, siku hizi ndivyo tunavyozungumza: "Mama! Kiangazi wamerudi! Wametoa albamu!"

Inaitwa *Mavuno ya Pili*. Moyo ulinienda mbio kama wa msichana. Neema aliweka spika mezani, mimi nikatafuta karatasi na kalamu, maana kusikiliza bila kuandika sijui kunafanywaje.

Wimbo wa kwanza ngoma ilinipiga kifuani, na nikacheka peke yangu. Ndahani amezeeka. Sauti imepasuka, imejaa changarawe, na mimi naipenda kuliko ile ya zamani, kwa sababu sasa anaimba kama mtu aliyewahi kudaiwa kodi ya nyumba. Mpiga gitaa ameacha kujionyesha. Zamani alijaza kila mahali, leo anapiga kidogo, anangoja, anapiga tena. Wimbo wa pili ni wa kasi mno kwa umri wao na mpiga ngoma anachelewa. Sitawatetea, hata kama nawapenda.

Kisha ukaja wimbo wenye jina la albamu. Ndahani aliimba mstari wake, gitaa likanyamaza, likangoja. Nami nikangoja. Hakuna kilichokuja. Ndahani akaimba tena, gitaa likangoja tena, na ndipo nilipoelewa kwamba ni wale wanawake wawili. Walikuwa wanaimba mezani pangu, na mimi siwasikii.

Nilirudisha mara nyingi. Karatasi yangu ilikuwa na mstari, nafasi, mstari, nafasi.

"Mama, si ukisie tu," Neema akasema. "Mashabiki wote wanakisia. Au nikuandikie mimi?"

Nikamwambia hapana, na nilimjibu kwa ukali asioustahili. Nikaenda kukaa uani. Kustaafu hakukuniuma, wala kuzeeka. Hili liliniuma. Nililia kama siku ile ya kwanza ukumbini, ila sasa kwa kuwakosa.

Nilipotulia, maneno ya Msimamizi yakanijia, Mungu amrehemu: hapa yapo masikio mengine. Nikachukua simu, nikamwandikia Salimu, anayefuga mbuzi zake Msalato. Niliandika neno moja tu: "Zamu."

Alikuja kesho yake, na kofia na miwani.

"Hodi hapa! Dada Tabitha, umeniita msibani au kazini?"

"Kazini, kaka Salimu. Karibu. Nina nafasi zimenishinda."

Akaitazama spika, akaitazama karatasi, akaguna. "Kiangazi? Mpaka uzeeni unanitesa na mabati haya?" Lakini alikuwa ameshavuta kiti.

Alisikiliza kama tulivyofundishwa, kichwa kimeinama, macho kwenye kalamu. Alimwamuru Neema arudishe, arudishe tena, kama vile binti yangu ndiye pedeli. Hakukisia. Neno asilolipata aliliacha, akalirudia mpaka likaja. Alipomaliza alinisogezea karatasi. Kila mahali palipokuwa wazi, mwandiko wake wa kulala ulikuwa umewaandika wale wanawake:

*Nimepogolewa, sikung'olewa.*
*Rudi na kikapu chako.*

Neema akauweka wimbo tena tangu mwanzo. Nilifuata kwa kidole. Ndahani akaimba, gitaa likangoja, na pale pale, nikiwa nayasoma yale maneno, nikadhani nimewasikia, juu kabisa, mbali. Niliwasikia au niliwapenda? Siwezi kuapa. Sauti zao nilikuwa nazo kichwani tangu ujana, nilichokosa kilikuwa maneno tu.

Nilipofika chini ya ukurasa nikaona ameongeza kitu kwenye mabano. Yeye, aliyenisubiri nje ya ukumbi miaka ile, alikuwa ameandika: (Makofi).

"Kaka Salimu," nikamwambia, "hii ni albamu ya studio. Hapa hakuna makofi. Makofi hatupiki."

Alivua miwani taratibu, akaiweka juu ya meza. Kisha akainuka, mzee mzima, akapiga makofi, kwa nguvu, mpaka Neema naye akajiunga.

"Haya, sasa yapo," akasema.

Hayo niliyasikia. Nikaliacha neno lake lilivyo.